Laptop Iliyopimwa kwa Mzani wa Mchele

Mjomba wangu ananunua dhahabu Rwamgasa, na kwa sababu hiyo kila kitu duniani anakipima kwa kiganja. Kiatu, simu, tikiti maji, mtoto mchanga. Anakiweka mkononi, anafumba macho, anakipandisha na kukishusha kidogo kama anakibembeleza, halafu anatoa hukumu. "Hiki kina kitu." Au: "Hiki upepo." Mtoto wa jirani yetu alipozaliwa alipata hukumu ya kwanza, na mama yake alifurahi kuliko alivyofurahi kliniki.

Mimi mambo hayo yalikuwa yananichekesha tu, mpaka nilipogundua kwamba mtu huyo huyo ndiye atakayeninunulia kompyuta.

Ilikuwa hivi. Nilimaliza kidato cha nne, nikarudi nyumbani Mhunze, nikakaa kusubiri maisha yaanze. Hayakuanza. Nikaenda kwa mama mmoja mwenye steshenari nikamwomba anifundishe kuchapa, naye akawa ananiachia kompyuta yake wateja wakipungua. Ana kompyuta moja tu, halafu walimu wote wanamletea mitihani wakati mmoja, wote wana haraka, wote wanaitaka jana. Siku moja akaniambia, "Mwanangu, mikono unayo. Meza ya pili ninayo. Mashine ndiyo sina. Njoo na ya kwako kabla mitihani ya muhula haijaanza kuletwa, meza ni yako. Usipokuja nampa mwingine, maana walimu hawanisubiri na mimi sikusubiri."

Akanipa na flashi yenye mtihani wa zamani wa hisabati, una majedwali na sehemu mpaka unaona kizunguzungu. "Mashine ikiufungua huu bila kuuvuruga, hiyo ndiyo. Ikiuvuruga, iache huko huko dukani."

Mama akampigia mjomba, ambaye ni kaka yake. Mjomba akakubali palepale, tena kwa furaha, ila akaweka sharti lake kwenye spika, nikilisikia. "Nitanunua, dada. Lakini wakimpa mtu mwingine hiyo meza, asikae bure hapo. Aje huku amsaidie mke wangu jikoni. Wachimbaji wanakula, dada, we acha tu."

Nampenda mkaza mjomba. Lakini jiko lake nilishalionja likizo moja. Ugali wa wachimbaji hausongwi, unapigwa vita. Unapanda juu ya kigoda, unashika mwiko kwa mikono miwili, moshi unakuingia machoni, na huku nyuma wanaume wameloa matope ya duarani, kule shimoni wanakochimba, wanagonga sahani wanaimba jina la mboga. Nilirudi nyumbani na mabega ya bondia. Kwa hiyo safari ya kununua kompyuta kwangu haikuwa matembezi.

Tukakutana Kahama, kule Nyasubi, kwa sababu yeye alikuwa anatoka magharibi na mimi natoka mashariki. Mimi nilishachagua kabla hata sijapanda gari. Nilitaka kishikwambi, chenye kibodi yake ya kunata kwa sumaku. Chepesi, kinachajiwa na sola yetu ya nyumbani ile ile inayochaji simu, ukikigusa kimewaka. Mimi siyo mtu wa kukaa naangalia mashine inaamka. Halafu walimu wengi wanavyo, na mtu akipita na kishikwambi kwapani anaonekana ana mambo.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba mama. Mbona umekonda?"

Nikaficha mikono nyuma haraka, asije akanipima na mimi.

Duka lenyewe lilikuwa jembamba, laptop zimepangwa ukutani kama vitabu, nyingi zimeshatumika huko nje zikaja huku kumalizia uzee. Muuzaji kijana, anatafuna bazoka, akanitolea kishikwambi kabla sijamaliza kusema. Nikakishika. Moyo ukalainika. Mjomba akanyoosha kiganja, nikampa shingo upande.

Akafumba macho. Akakipandisha. Akakishusha.

"Upepo," akasema, akanirudishia.

"Mjomba, hii haipimwi kwa uzito!"

"Kila kitu kinapimwa kwa uzito. Watu ndio hawana mikono."

Nikamwambia muuzaji aniletee waya wa kuunganisha flashi, maana kishikwambi hakina tundu lake. Nilitaka nimwonyeshe mjomba. Mtihani ukafunguka vizuri tu kwenye kichwa cha habari, halafu ukaanza kuanguka. Jedwali likatoka nje ya ukurasa. Swali la tano likaingia ndani ya swali la sita. Zile sehemu zote zikageuka visanduku vitupu, vimepangana kama kreti za soda. Nikavuta huku, nikabana kule, vikaongezeka.

"Sista, nisikudanganye," muuzaji akasema. "Hiki ni cha kutazamia. Movi, vikao, kuchorachora na kidole. Kwa kusoma, sawa kabisa. Kwa kuchapa mitihani ya watu utalia."

Nilikuwa tayari nalia kidogo, ila ndani. Nikakirudisha mwenyewe.

"Upepo," mjomba akarudia, kwa upole safari hii, na hilo ndilo lililoniuma.

Zikabaki laptop mbili mezani. Moja nyeusi, nene, pana, ukiiangalia unaona kabisa imeshakaa ofisi ya serikali ya nchi fulani. Nyingine ya kijivu, nyembamba, imechubuka kona moja. Nikachomeka flashi kwenye ile nyeusi kwanza. Ikavuma. Ikazunguka. Ikavuma tena.

"Inafanya nini?" nikauliza.

"Inatafakari," muuzaji akajibu.

Ilipomaliza kutafakari, mtihani ukafunguka, kila kitu mahali pake. Nikahamia ya kijivu, ikafungua kabla sijatoa kidole kwenye flashi. Majedwali yamenyooka, sehemu zimekaa. "Hii!" nikasema. "Mjomba, hii, twende."

Mjomba alikuwa ameshaweka moja kiganja cha kulia na nyingine cha kushoto. Kafumba macho katikati ya duka, na muuzaji kaacha kutafuna.

"Hii ya kijivu wameipunguza," mjomba akasema. "Wametoa kitu ndani. Hii nyeusi imejaa."

Muuzaji akaona mlango umefunguka, akaingia mzima mzima. "Mzee, wewe unajua! Hii ni chuma. Siku hizi hawatengenezi tena kama hii."

"Umemsikia?"

"Mjomba, anataka imtoke dukani!"

"Sista, usiseme hivyo."

"Ilikuwa na vumbi hadi kwenye kamba ya chaja!"

Tukabishana mpaka mjomba akachoka na maneno, maana kwenye kazi yake maneno yanaishia mzanini. Akauliza mzani uko wapi. Muuzaji akacheka, akidhani ni utani. Mjomba hakucheka. Akachukua laptop zote mbili, moja kila kwapa, akatoka, sisi nyuma yake, muuzaji ananiambia kwa sauti ya chini, "Sista, huyu mzee anarudi, si ndiyo?"

Duka la pili kushoto kulikuwa na mama anauza mchele. Mjomba akamsalimia kwa Kisukuma, akaomba mzani. Yule mama akaangalia laptop, akamwangalia mjomba.

"Siku hizi mnauza kwa kilo?"

"Tunataka ukweli tu, mama."

"Haya, wekeni. Ila msiniachie nyaya kwenye mchele wangu."

Ya kijivu ikapanda, mshale ukasogea kidogo kwa adabu. Ile nyeusi ikapanda, mshale ukakimbia. Watu wawili watatu waliokuwa wananunua mchele wakapiga makofi. Mjomba akanigeukia na uso wa refa aliyeona penati. "Haya, sema tena."

Ndipo hasira ikanipa akili. Nimekaa Rwamgasa likizo, nimeona wanavyofanya. Mchimbaji analeta donge lake la dhahabu limekamatwa na zebaki, zito, linang'aa kama fedha, na mnunuzi yeyote mwenye akili timamu haligusi mpaka lichomwe. Zebaki ikitoka, kinabaki kidogo, ila ni chenyewe.

"Mjomba," nikasema, "mtu akikuletea dhahabu haijachomwa, unamlipa na uzito wa zebaki?"

Yule mama wa mchele akaacha kibaba hewani. Mjomba akaiangalia ile nyeusi juu ya mzani kwa jicho jipya, jicho la kazini.

"Ichomwe," akasema.

Muuzaji akashtuka. "Mzee! Ichomwe nini?"

"Toa kila kisicho kompyuta."

"Kila kitu ni kompyuta, mzee."

"Basi anza na unachokiogopa."

Muuzaji akakuna kichwa, akarudi dukani kuleta bisibisi. Akaigeuza ile nyeusi, akafyatua betri. Wote tukainama. Betri ilikuwa imevimba kama andazi, imepasuka ubavuni.

"Yesu wangu," mama wa mchele akasema. "Hiyo ni mimba."

"Inafanya kazi?" mjomba akauliza.

Muuzaji akaanza kumumunya maneno. "Sasa mzee, kufanya kazi... ukichomeka kwenye umeme, mashine inawaka. Umeme ukikatika..."

"Inakuwaje?"

"Inalala."

"Na kilichoandikwa?"

"Kinalala nacho."

Nilidhani nimeshinda. Mjomba akairudisha ile nyeusi mzanini bila betri, halafu ya kijivu. Nyeusi bado nzito. Nzito sana tu. Mshale haukuwa na aibu hata kidogo, na hoja yangu ya zebaki ikafia pale pale juu ya mchele.

"Bado ina kitu," mjomba akasema, ila sauti haikuwa ile ya mwanzo.

"Mjomba," nikasema. Nilikuwa nimechoka kuwa na akili, nikasema kama nilivyo. "Mimi sitaki kitu kizito. Nataka ile meza. Mhunze umeme unakatika wakati wowote. Nikichapa mtihani wa mwalimu nusu ukapotea, atarudi tena kwangu? Mama wa steshenari ataniambia asante nenda. Nitakuja kwako kusonga ugali, nitasonga, sikatai. Ila nitakuwa nasonga kwa sababu ya betri."

Mama wa mchele akamimina kibaba chake polepole kwenye mfuko wa mteja. Mjomba akachukua ile ya kijivu mzanini, akaifungua, ikawaka bila waya wowote, pale nje juani. Akasubiri. Akaizungusha, akaifunga, akaifungua tena. Bado inawaka. Akaiweka kiganjani, akafumba macho.

"Hii imeshachomwa," akasema. "Imebaki safi."

Muuzaji akafungua mdomo kutaka kusema kitu kuhusu ile nyeusi. Mama wa mchele akamkata jicho, muuzaji akaufunga.

"Wabeja, mjomba," nikamshukuru kwa Kisukuma, "wabeja sana," na nikaikumbatia laptop kabla mtu hajapata wazo lingine.

Nilifika Mhunze mitihani imeshaanza kuletwa. Mama wa steshenari alikuwa amezungukwa na walimu, na ile meza ya pili ilikuwa na marobota ya karatasi juu yake, nikadhani ameshampa mtu. Akachukua flashi, akachomeka mwenyewe, akakagua majedwali moja moja na miwani yake puani. Akanyanyua marobota akayaweka sakafuni, akanisukumia kiti.

Kazi yangu ya kwanza ilikuwa mtihani wa sayansi wa darasa la nne. Mwalimu mwenyewe alikuwa mwanaume mrefu, akasimama nyuma yangu akinipumulia kisogoni. Nilienda naye maswali ya mwanzo vizuri. Tukafika kwenye swali la viungo vya mnyama. Mwandiko wake ulisema: hapa mchoro wa ng'ombe, na mishale.

Nikaangalia laptop. Laptop ikaniangalia. Nikajaribu kuchora kwa ile pedi ya kidole. Kikatoka kitu kama ramani ya barabara za vumbi.

"Mimi kwenye kishikwambi changu nachora kwa kidole," mwalimu akasema.

"Basi ungechapa humo humo, mwalimu."

"Nilijaribu wa hisabati, sehemu zikageuka visanduku."

"Najua," nikasema.

Mama wa steshenari akasikia, akageuka kutoka kwenye printa. Nikaona sasa ndipo ananiambia niondoke. Nikaharakisha kuacha nafasi kubwa nyeupe katikati ya ukurasa, nikaprinti, nikampa mwalimu karatasi na kalamu. "Chora wewe, mwalimu. Ukimaliza tunadurufu zote zinatoka sawa."

Akachora kwa bidii, ulimi nje. Alipoinua karatasi, mteja aliyekuja kutoa kopi ya kitambulisho akachungulia.

"Huyo fisi ni wa darasa la ngapi?"

"Ni ng'ombe!" mwalimu akasema.

"Ng'ombe wa wapi, mwalimu? Sisi hapa wote tumechunga."

Duka zima likaangua kicheko, na mwalimu naye, kisha akaniangalia kuomba msaada. Nikaiingiza ile karatasi kwenye printa tena, na juu ya mgongo wa yule mnyama nikachapa kwa herufi kubwa, nyeusi, zilizonyooka: HUYU NI NG'OMBE.

Mwalimu akaridhika. Akaondoka na kopi zake, na mama wa steshenari akachukua robota lililofuata kutoka sakafuni, akaliweka mbele yangu.

"Usisimame," akasema. "Hii ni ya darasa la sita, na mwalimu wake anachora vibaya zaidi."