Albamu Iliyopigwa Pasi

Shemeji yangu amechonga vyuma kwenye karakana yetu miaka ishirini, na miaka yote hiyo husikiliza muziki wa metali, ule unaogonga kama kiwanda. Jana bendi anayoipenda ilitoa albamu mpya, nikaiweka kwenye spika ya karakana. Wimbo wa kwanza tu, akawaka.

"Hawa hawajawahi kushika hata spana!" alifoka, mashine ikizunguka mbele yake. "Ngoma zimepigwa pasi! Mayowe yamepakwa losheni! Upuuzi mtupu!"

Kwenye wimbo wa nne, chuma kikalia kwa uchungu. Shemeji akanyanyua ngumi. "Hapo sasa! Hiyo ndiyo metali!"

Nikazima spika. Mlio ukaendelea. Ilikuwa beringi ya mashine yake, gololi zikisagika ndani.

Akanitolea macho. "Beringi yangu inakata roho," akafoka, "na bado inaimba kuliko wao!"