Mwaka wa Wifi Thilagam

Habari ya wifi yangu Thilagavathy na taa ya chama chetu cha wanafunzi wa zamani wa Pelham imeshasimuliwa Scarborough nzima, na mara nyingi vibaya. Kwenye duka la samaki niliambiwa, mimi mwenyewe, kwamba alizimia. Hakuzimia. Ndiyo maana naiandika hapa katika jarida letu, ambalo nimelihariri kwa miaka ishirini na miwili bila malalamiko, isipokuwa yale ya Bibi Rasamalar Ponnudurai.

Wifi Thilagam ni dada wa marehemu mume wangu, Mhandisi Arunasalam. Alizaliwa Jaffna, akasoma Shule ya Wasichana ya Pelham kama sisi sote, akaolewa na Bwana Sivasubramaniam wa posta, akalea watoto watatu. Vita vilipozidi alikuja huku Kanada na sanduku moja na jiwe la kusagia viungo. Jiwe lilikuwa zito kuliko sanduku. Anaishi ghorofa ya tisa. Katika mikutano yetu ya mwaka hajawahi kutoa hotuba, hajawahi kugombea cheo, na hajawahi kuchelewa.

Wasomaji wanajua kwamba katika jarida hili kila jina hufuatwa na mwaka wa kuingia shuleni, ndani ya mabano. Bila mwaka huo hatujui nani amwamkie nani. Na kwenye mkutano, utambi wa kwanza wa taa ya shaba huwashwa na mwanachama aliye hai aliyeingia Pelham kabla ya wengine wote. Kwa miaka kumi na mmoja alikuwa Bibi Annaluxmi (1933). Mwezi wa pili alifariki, tukampa ukurasa mzima na picha.

Jina la wifi yangu limekuwa likichapishwa hivi: Thilagavathy Sivasubramaniam (1939). Aliingia 1935. Nilikuwa najua.

Posa ya Bwana Siva ilipokuja, mwaka 1953, Thilagam alikuwa na miaka ishirini na sita na mposaji alikuwa na ishirini na minne. Baba mkwe wangu, aliyefundisha hesabu kwa miaka thelathini, aliketi na mnajimu asubuhi moja. Walipoinuka, Thilagam alikuwa na ishirini na miwili. Nyota zililingana vizuri sana. Sisemi alidanganya, familia yetu haidanganyi. Alirekebisha, na kila karatasi iliyokuja baadaye ikafuata marekebisho hayo, hadi pasipoti. Mwaka wa shule nao ulibidi usogezwe, la sivyo ingeonekana aliingia Pelham akiwa na miaka minne.

Mwezi wa nane nilitangaza kwamba utambi wa kwanza sasa ni wa Bibi Rasamalar (1938). Jarida lilifika Jumanne. Jumanne hiyo hiyo simu ikalia.

"Wifi, hujambo?"

"Sijambo, dada. Magoti yanaendeleaje?"

"Achana na magoti. Eti Rasamalar ndiye atakayewasha?"

"Ndivyo miaka inavyosema."

"Miaka ipi? Rasamalar anakuja Pelham, mimi niko darasa la nne. Nilimsuka nywele yule. Nilimtoa chawa, wifi!"

"Hayo ya chawa hatuyachapishi."

"Basi chapisha mwaka wangu."

Nilimkumbusha kwamba mume wake, kwa miaka sitini na mmoja, amejua kwamba yeye amempita mke wake kwa miaka miwili. Je, leo aambiwe kwenye ukumbi wa watu mia mbili kwamba mke ndiye aliyemtangulia kuzaliwa? Na jina la baba?

"Baba aliniondolea miaka minne bila kuniuliza," alisema. "Nimezaa, nimepika, nimehamisha nyumba mara tatu kwa mabomu. Sijawahi kudai kitu kwenye hicho chama. Hii ni zamu yangu. Nikisubiri nyingine, mtanipa ukurasa mzima na picha."

Nilimwambia nitalifikiria. Sikulifikiria. Nilipeleka ratiba kwa mchapaji ikiwa na jina la Bibi Rasamalar.

Tulikutana Jumapili ya pili ya mwezi wa kumi, kwenye ukumbi wa harusi wa barabara ya Markham. Bibi Rasamalar alivaa hariri ya zambarau na alikuwa ameshika mshumaa wa kuwashia tangu mlangoni. Wifi aliketi meza yangu, sari yake ya kila mwaka imepigwa pasi. Kando yake Bwana Siva alikuwa na vadai tatu, bajia zetu za dengu, kwenye sahani, na ya nne mkononi.

Kabla ya taa huimbwa wimbo wa shule. Una beti mbili. Tuliimba mbili, tukanyamaza. Wifi Thilagam hakunyamaza. Aliendelea, peke yake, na ubeti wa tatu, unaomshukuru Misi Whitcombe kwa kuvuka bahari na kutufundisha kusoma. Misi Whitcombe alikuwa mwalimu mkuu hadi mwisho wa 1937, alipoondoka ghafla kuolewa na nahodha wa meli ya mizigo. Bodi ya shule iliuondoa ubeti huo wiki ileile, na haukuimbwa tena.

Bibi Rasamalar alisubiri hadi mwisho. Nta ilimdondokea kidoleni.

"Huo ubeti haupo," alisema.

"Haupo kwako. Ulipokuja ulikuwa umeshafutwa."

"Na wewe uliujulia wapi, wewe wa thelathini na tisa?"

"Niliingia thelathini na tano."

Wanawake wa Pelham wanajua hesabu. Ukumbi mzima ulitoa, ukajumlisha, kisha ukageuka kumtazama Bwana Siva. Nilisimama kueleza kwamba wifi amekuwa akitumia dawa mpya. Shemeji Siva akanivuta ncha ya sari.

"Kaa, shemeji. Utaaibika bure." Alimeza kwanza. "Huo ubeti anauimba akiosha mchele tangu wiki tuliyooana. Dada yangu alisoma Pelham, aliingia na Rasamalar, hakuwahi kuusikia. Nilihesabu siku hiyohiyo."

"Na hukusema?" aliuliza wifi. Sauti yake ilikuwa ndogo kuliko ya kuimbia.

"Niseme nini? Baba yako alikuwa mwalimu wa hesabu. Nimsahihishe?"

"Bwana Siva!" Bibi Rasamalar alipaza sauti. "Kumbe umeoa dada yako mkubwa!"

"Unafikiri kwa nini namtii?"

Watu walicheka kwa muda mrefu kuliko ratiba ilivyoruhusu. Wifi hakucheka. Alikuwa anamtazama mume wake kama mtu anayesoma barua iliyochelewa. Kisha akamfuta chembe ya dengu kidevuni, akainuka, akaenda mbele na magoti yake.

Bibi Rasamalar hakuuachia mshumaa mara moja.

"Wa pili ni wangu."

"Wa pili ni wako, Rasa. Chawa waliisha?"

"Waliisha."

Utambi wa kwanza ulikataa, mafuta yalikuwa mengi. Aliujaribu tena, ukashika. Akasimama pale mkono ukiwa bado juu, hata wa pili ulipokwisha kuwashwa, na wa tatu, hadi Bibi Rasamalar akamshika kiwiko na kumrudisha mezani. Vadai za shemeji zilikuwa zimebaki mbili. Alimsogezea moja.

Haya ndiyo yaliyotokea, na sitarajii kuyasikia kwa namna nyingine kwenye duka la samaki.

Marekebisho. Katika matoleo yote ya jarida hili tangu mwaka 1992, palipoandikwa Thilagavathy Sivasubramaniam (1939), pasomeke (1935). Kosa lilikuwa la mhariri.