Siku Severini Alipofumba Mdomo

Kuna watu Mungu aliwapa mikono, wengine akawapa miguu ya kupandia milima. Severini wa Mgeta alipewa mdomo. Kwa miaka thelathini alikuwa dalali wa mboga soko la Nyandira. Alipanda juu ya lori, akainua kabichi kwa mkono mmoja, akaanza kuisifia mpaka wachuuzi wa Dar es Salaam waliokwisha kujaza magari yao wakarudi kununua tena. Karoti aliita dhahabu ya Uluguru. Kitunguu alikisifia kama bwana harusi anavyosifiwa na shangazi zake. Watu walisema Severini akikuuzia nyanya iliyooza utaila, halafu utamshukuru.

Kwa hiyo maneno yalipoanza kumtoroka, soko zima lilijua. Siku moja alisimama juu ya lori na kabichi mkononi, akasema, "Jamani, tazameni hii... hii..." Akaitazama kabichi, nayo kabichi haikumsaidia. Watu wakacheka wakidhani ni mbinu mpya ya biashara. Wiki iliyofuata alianguka shambani akatetemeka mwili mzima. Mkewe Catherine na majirani wakamtengenezea machela ya miti na vitenge, wakamshusha ule mteremko hadi barabarani.

Mjini Morogoro alipigwa picha ya kichwa. Bahati yake, siku hizo jopo la madaktari bingwa wa ubongo lilikuwa limeweka kambi ya wiki mbili pale hospitalini. Kiongozi wao, Dakta Asia, mwanamke mfupi mwenye sauti ya upole, aliwaonyesha ile picha. Uvimbe ulikuwa upande wa kushoto, umekaa jirani kabisa na mahali panapotengeneza maneno.

"Tukiuacha, utakumaliza," alisema. "Tukiukata ovyo, utatoka bubu. Kwa hiyo tutakupasua ukiwa macho."

"Macho haya haya?"

"Haya haya. Ngozi ya kichwa tutaitia ganzi, na ubongo wenyewe hausikii maumivu. Wewe kazi yako ni kuongea. Ukiongea, najua niko salama. Ukinyamaza, najua nimegusa pabaya, naacha hapo hapo."

Catherine, aliyekuwa hajalala siku tatu, alicheka kwa mara ya kwanza. "Dakta, kama kazi ni kuongea, huyu amepona tayari."

Siku ya upasuaji walimlaza kwa ubavu, wakamfunika kitambaa cha kijani kilichomwacha miguu nje kuanzia mapajani. Dakta Wilfred, daktari wa usingizi, mtu wa Kilimanjaro, alimlaza kidogo wakati fuvu likifunguliwa, kisha akamwamsha. Mbele ya uso wake akakaa muuguzi kijana ameshika kadi za picha.

"Shikamoo mzee," alisema yule binti. "Mimi naitwa Pendo. Mimi ndiye nitakayeongea na wewe."

"Marahaba mwanangu, marahaba. Hujambo? Umeolewa?"

Mambo yakaenda vizuri kupita kiasi. Pendo akiinua kadi ya ndizi, Severini hakuishia kwenye ndizi. Aliieleza imetoka bonde gani na inafaa kupikwa na nyama ya nini. Dakta Asia alikuwa akigusa ubongo kwa kijiti chenye umeme mdogo, anasikiliza, anakata kidogo, anagusa tena. Nusu ya uvimbe ikatoka. Kadi zikawa zinakwisha, basi Pendo akaamua kupiga soga.

"Mke wako ni wa wapi, mzee?"

"Kijiji cha Bunduki. Mama yake ni Veronika, mtoto wa marehemu bibi Joyce, aliyekuwa mfinyanzi."

"Weee! Bibi Joyce? Huyo ni mama yangu mkubwa! Mimi ni kitinda mimba wa Juliana, mdogo wake. Nimesomea mbali tu, ndiyo maana hatujuani."

Severini akapiga hesabu. Kwa Waluguru ukoo ni wa mama, na hesabu zake hazitazami umri. Joyce na Juliana ni dada. Basi Veronika na huyu binti ni dada. Basi huyu binti wa miaka ishirini na minane ni mama mdogo wa Catherine. Basi ni mama mkwe wake. Na yeye, mtu mzima wa miaka hamsini na minane, yuko hapa mbele ya mama mkwe mapaja nje, kichwa wazi, tena amemwitikia marahaba na kumuuliza kama ameolewa!

Akafumba mdomo. Mama mkwe haongeleshwi uso kwa uso. Ukikutana naye njiani unapisha ukaingia kwenye majani. Hapa hapakuwa na majani.

"Mzee, hii ni nini?" Pendo aliinua kadi ya kikombe.

Kimya.

Mkono wa Dakta Asia ukasimama. "Severini? Nimeondoa umeme. Sema chochote."

Kimya. Dakta Wilfred akaangalia mashine zake, kila kitu kilikuwa sawa. Wakasubiri dakika moja, wakasubiri mbili.

"Nimegusa mahali penyewe," alisema Dakta Asia, na sauti yake ilikuwa imekwisha nguvu. "Hatuwezi kuendelea. Tutafunga, kilichobaki tutakiacha."

Severini alisikia kila neno, na hofu ikamshika hasa. Akifungua mdomo, amemvunjia heshima mkwe na ukoo wake wote. Asipofungua, uvimbe unabaki humo humo ndani, na alikwisha kuambiwa utamfanya nini. Machozi yakamtoka, lakini mdomo ukakataa. Badala yake mkono wake wa kulia ukaanza kuvuta kile kitambaa cha kijani, taratibu, kufunika mapaja.

Pendo aliutazama ule mkono. Mtu aliyepoteza maneno hatafuti shuka. Akarudia hesabu ya ukoo kwa vidole, kisha akaruka kwenye kiti.

"Mungu wangu! Dakta, usifunge! Huyu hajawa bubu, huyu ni mkwe wangu!"

Hakusubiri kueleza. Alizunguka nyuma ya pazia lililotundikwa kwenye nguzo za dripu, akajificha. Severini akavuta pumzi ndefu.

"Dakta Wilfred," alisema, maneno yamenyooka kabisa, "mwambie mama mkwe anisamehe ile marahaba."

Chumba kizima kiliangua kicheko. "Msicheke!" alisema Dakta Asia. "Mkono wangu!" Naye alikuwa anacheka.

Wakaendelea hivyo hivyo. Dakta Wilfred akiinua kadi, Severini anasema, "Mwambie mkwe hicho ni kikombe," na Wilfred anageukia pazia, "Anasema ni kikombe," na pazia linajibu, "Nimesikia." Ilipobaki sehemu ya mwisho, ile iliyogusana na mahali pa maneno, Dakta Asia alitaka aongee mfululizo, asipumzike hata kidogo.

"Niongee nini?"

"Mwambie mkwe habari za mke aliyekupa," alisema Wilfred.

Severini akavuta tena kile kitambaa juu ya mapaja. Kisha akaanza.

"Mwambie mlinipa mtu. Siku nilipoanguka, machela ile mbele alishika yeye, na mteremko wote ule hakukubali kupokewa. Mimi nimeisifia kabichi miaka thelathini kwa watu nisiowajua hata majina, yeye sijamsifia hata siku moja. Sijui kwa nini. Nilidhani anajua. Mwambie nampenda sana yule mwanamke, na ninaogopa kutoka humu bubu kabla sijamwambia."

Hakuna aliyecheka. Nyuma ya pazia mtu alikuwa anafuta kamasi. Dakta Asia akakata kipande cha mwisho.

Mama mkwe hana siri mbele ya mwanawe. Kabla Severini hajatolewa chumbani, Pendo alikuwa amekwisha kumfikishia Catherine ujumbe wote pale kwenye benchi la nje.

Asubuhi ya pili Dakta Asia alifika wodini na faili. Severini alikuwa na bandeji kubwa kichwani, Catherine ameketi pembeni, macho kwa mumewe.

"Nataka kupima maneno yako," alisema daktari. "Rudia yale ya jana, ya mwishoni."

Severini alimtazama daktari, akamtazama mkewe. Jasho likamtoka, ambalo jana halikumtoka.

"Dakta," alisema, "bora unifungue tena kichwa."

Catherine alicheka mpaka akashika chuma cha kitanda. Kisha akakunja mikono, akangoja. Alikuwa amengoja miaka thelathini, hakuwa na haraka. Severini akayasema yote, moja baada ya jingine, akimtazama usoni. Dakta Asia akaandika kwenye faili kwamba mgonjwa anaongea vizuri, akatoka taratibu akiwaachia chumba.