Asmahani Hakuvuka Kizingiti

Wifi yangu Asmahani hajui kukasirika, na hiyo ndiyo kasoro yake pekee. Kaka yangu Rahimu alipomuoa, miaka tisa iliyopita, nilimtafutia kasoro nyingine kwa bidii zote, maana ndiyo kazi ya wifi, nikatoka mikono mitupu. Anafundisha Hisabati sekondari, kule Mabawa. Hasira za kumtosha ninazo mimi.

Mwaka jana nilizitumia zote. Asmahani alikuwa akisomea shahada ya uzamili katika chuo kimoja cha Dar es Salaam, kwa mwendo wa mama mwenye watoto: ukurasa mmoja wa tasnifu, homa moja ya mtoto. Alipopangiwa siku ya kuitetea tasnifu hiyo mbele ya watahini, mwanawe Luqmani akalazwa. Alipopangiwa tena, mama yake mzazi akafariki. Mara ya tatu chuo kikamwandikia kwamba muda wake wa masomo unakwisha na tarehe haitasogezwa. Asipotokea, miaka mitano yote inakwenda na maji.

Tarehe yenyewe ikaangukia siku ya ishirini na tisa tangu ajifungue mtoto wake wa tatu, Hafsa.

Kwa kuwa mama yake hayupo, arobaini alikuja kukaa kwetu Tongoni, kwa mama yangu, Bi Mwanamkasi. Na kwa Mama arobaini ni arobaini. Mzazi anakandwa kwa maji ya moto asubuhi na jioni, anafungwa mkaja tumboni, anakunywa uji wa pilipili manga mpaka machozi yamtoke. Dirisha linazibwa kwa kanga asiingiwe na upepo, na kizingiti cha mlango wa nje havuki.

Chuo kilikubali aitetee tasnifu kwa video. Lakini kwetu mtandao unashika nje tu. Ndani, simu inafaa kutazamia saa.

"Saa moja tu, Mama, akae barazani," nilisema.

"Hiyo saa moja ndiyo upepo unayoingoja," Mama akajibu. "Nimezaa sita, nimezika wawili. Usinifundishe."

"Wenzake siku ya tano wako sokoni!"

"Basi nenda kawakande hao."

Siku hiyo sikula, kwa hasira. Asmahani akanivuta kando. "Wifi, mwache Mama. Tangu mama yangu afariki hakuna mtu aliyenikataza kitu." Nikamwona machozi yanamlenga, nikaenda kumpashia uji.

Siku ikafika. Juu alivaa koti la suti, chini kanga na mkaja, chumba kizima kinanukia udi. Simu yangu tuliiweka dirishani, nyuma ya kanga, iigawie kompyuta mtandao. Watahini walikuwa watatu. Tasnifu yake ilihusu kufundisha hesabu kwa kusuka ukili, zile chane za ukindu zinazosukwa na kushonwa kuwa mkeka. Likizo mbili nzima aliketi sakafuni na Mama, akihesabu chane na kuandika, huku Luqmani akizitafuna.

Maswali mawili ya kwanza aliyajibu vizuri. La tatu likakatika katikati. Picha zikaganda, zikarudi, zikaganda tena.

"Mwalimu, hatukusikii," mwenyekiti akasema. "Tukikupoteza tena itabidi tufunge kikao."

Asmahani akainuka na kompyuta mikononi. Akatembea mpaka mlango wa nje, akasimama. Mama alikuwa uani anapepeta mchele. Mimi nilikuwa na Hafsa begani, nimekwisha kuuandaa mdomo wangu kwa vita.

"Mama," Asmahani akasema taratibu, "nikivuka, utanisamehe?"

Mama akaweka ungo chini, akaenda dirishani, akaing'oa ile kanga na kuichukua simu. Akakipindua kinu chini ya ukingo wa paa, akapanda juu yake, akainyanyua simu kwa mikono yote miwili mpaka ikakaribia makuti.

"Rudi chumbani," akasema. "Inashika?"

Ilishika.

Msinitazame hivyo. Mama ni mrefu, mimi nimerithi ufupi wa baba, na nilikuwa na mtoto begani. Dirisha likabaki wazi, upepo ukaingia unavyotaka wenyewe.

Mtahini mmoja, mzee mwenye sauti kavu, akauliza msukaji akikosea hesabu anajuaje, ilhali haandiki popote. Asmahani akafungua mdomo, na dirishani ikaingia sauti: "Mwambie ukili unakwenda upande! Mkono unajua kabla ya jicho!"

"Nani huyo?" mzee akauliza.

"Mkwe wangu," Asmahani akasema. "Sura ya nne yote ni yeye. Sasa hivi ameushika mtandao."

Mzee akacheka mpaka akavua miwani. Waliendelea kumuuliza karibu saa nzima, wakamwambia angoje, wakarudi. Mwenyekiti akasema, "Hongera, Mwalimu. Umefaulu."

Nilipiga vigelegele mpaka Hafsa akaangua kilio. Tukakumbatiana, tukalia, tukacheka, tukataka kumpigia Rahimu. Tukaitafuta simu kitandani, mezani, chini ya mto.

Ndipo tukatazamana.

Mama alikuwa bado juu ya kinu, mikono juu, jasho linamtiririka shingoni.

"Mama! Hukusikia vigelegele?"

"Nimesikia. Lakini hakuna aliyeniambia nishushe."

Asmahani alikimbia mpaka kizingitini, akasimama hapo hapo, akanyoosha mikono nje. Mama akashuka, akaja akaishika.

Jioni Mama hakuweza kuinua hata kikombe. Asmahani akayapasha moto mafuta ya nazi, yale yale ya kukandiwa yeye, akaketi nyuma ya Mama na kuanza kumkanda mabega.

"Mzazi hafanyi kazi," Mama akanung'unika, macho ameyafumba.

Asmahani hakuacha. Mama naye hakumzuia. Na mimi, ambaye sina kawaida ya kuona wivu, niliona.

"Zimebaki siku kumi na moja," Mama akasema mwishowe. "Na uji wako hujaumaliza."