Chumba cha Kukodi Katika Mji wa Kaka Yangu

Admin, asante kwa kunifichia jina. Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na nane, naishi Butembo, Kongo, nauza vitambaa sokoni. Bwana wangu alifariki mapema na Mungu hakutupa watoto, kwa hiyo mama yangu ndiye mtoto wangu. Nina mdomo mkali, wanaonijua watanitambua hata bila jina. Lakini kwa jambo hili mdomo umekwama, ndiyo maana nimekuja kwenu.

Mama alikuwa akiishi Kayna. Vita ilipofika kule alikuja kwangu na kitenge alichovaa na Biblia yake, basi. Hatukupumzika. Mji ulianza kusema kwamba na Butembo itaingiwa, watu wakafunga maduka, nami nikaamua tuvuke mpaka wa Kasindi twende Uganda kwa kaka yangu, ambaye hapa nitamwita Kambale. Ana nyumba yake Kasese, nyumba nzuri ya matofali. Nilitaka kumpigia simu kwanza. Mama alikasirika kabisa.

"Mutu haombake ruhusa ya kuingia kwa mutoto wake," aliniambia. "Ukimupigia simu, ni kama tuko bageni. Tunaenda tu."

Ndivyo tulivyolelewa nyumbani kwetu. Ndugu akifika, amefika, na maharagwe yanaongezwa maji. Mtu akikodi chumba katika mji ambao ndugu yake ana nyumba, amemtukana mbele ya watu. Simu nikairudisha mfukoni. Mama akanunua samaki wakavu wa Kyavinyonge, kule ziwani, kwa sababu ndio aliotulelea. Alikuwa akiwakausha kwa moshi nyuma ya nyumba, Kambale akiwa mgongoni, na mpaka leo kaka yangu ana kikohozi kile kifupi, kama mtu anayebisha mlango.

Tulifika Kasese mvua inanyesha. Mke wa kaka alifungua mlango kidogo, akasimama katikati. Alitusalimu vizuri, siwezi kumsingizia.

"Pole mama, Kambale hayuko," akasema. "Ameenda Kampala, atarudia wiki ingine. Na nyumba imejaa, batu ba kwetu balikimbia mbele yenu."

Hapo hapo, ndani, nyuma ya pazia, mtu akakohoa. Kikohozi kifupi, mara mbili.

Nilifungua mdomo wangu. Mama akanishika mkono, akaubana. "Haya," akamwambia yule mwanamke, "akirudia, umupatie iyi samaki." Akaweka kikapu kizingitini, tukarudi kwenye mvua. Wanasema mgeni njoo mwenyeji apone, lakini mwenyeji wetu hakutaka kupona. Tulilala katika darasa la shule moja pamoja na wakimbizi wengine, kwenye saruji, na mama alitoka pale na ugonjwa wa kifua ambao haujamwacha. Mji wetu ulipotulia tulirudi Butembo. Njia nzima alikuwa akiwaambia abiria, "Mutoto wangu alikuwa safari. Angekuwako, tungelala muzuri." Nilidhani masikio yake yamezeeka. Nilimshukuru Mungu kwa hilo, kisha nikalia mpaka macho yakavimba.

Sasa maneno yale yale ya vita yamerudi. Watu wanaingia kutoka kusini na magodoro kichwani. Safari hii sikutaka kucheza. Rafiki yangu anayefanya kazi mpakani Kasindi amenitafutia chumba kule Kasese, kwa mama mmoja mjane. Kina kitanda na dirisha. Mwenye nyumba anataka jibu Jumapili hii baada ya ibada, kwa sababu wanaokitaka ni wengi, na tukifika bila kukishika hatutapata kingine. Nilimweleza mama juzi, tulipokuwa tunachambua maharagwe.

"Hapana," akasema. "Miye naenda kwa Kambale."

Hasira ikanishinda. Nikamwambia, "Mama, alikuwako! Ile siku alikuwa mu nyumba!"

Mama hakuinua kichwa. Aliendelea kutoa vijiwe kwenye maharagwe.

"Nilimusikia," akasema. "Shi ni miye nilimupatia ile kikohozi? Mutoto wangu, mutu anaweza kukosa siku moja. Nikilala mu chumba ya kulipa, nimemufungia mulango miye mwenyewe. Nataka apate nafasi ya kuufungua."

Ndugu zangu! Kumbe alibeba hayo yote njia nzima huku akimsifu. Nikishika chumba, ameapa hatatia mguu ndani yake. Nisipokishika, na mlango wa kaka ukabaki vilevile, kifua kile hakitaweza tena kulala kwenye saruji, nitamzika mama ugenini. Nimefikiria pia kumpigia kaka simu, nimtukane mpaka aone aibu atupokee. Namba yake nimeitazama mara nyingi. Lakini hapo atafungua kwa sababu mimi nimempigia, na mama atajua. Aliyetambua kikohozi nyuma ya pazia, makaribisho ya kulazimishwa yatampita vipi? Nina uchungu, na nina hasira na kaka yangu kuliko nilivyo na hasira na hao wanaotukimbiza. Wale hawakunyonya ziwa moja nami.

Leo asubuhi mama amerudi kutoka sokoni, anahema, na samaki wengine. Amewafunga vizuri kwenye kikapu, amekiweka karibu na mlango wangu, na amechagua wale wakubwa. Nyinyi mnaosoma, hasa nyinyi wanaume mlio na mama aliye mbali, nisaidieni mawazo. Jumapili ni keshokutwa. Nimjibu nini yule mjane?