Dereva wa Familia Tatu

Majirani wanamwita Glavu. Ni mtunza nyaraka wa mkoa, na amezoea glavu za pamba kiasi kwamba siku moja alifika nazo dukani, akanunua sabuni bila kuzivua. Kutwa yuko katika chumba kisicho na dirisha, anachomoa pini zilizoshika kutu kwenye barua za wafanyakazi wa reli, anazilaza barua katika bahasha safi, na nyuma ya kila picha anaandika kwa penseli laini: nani, wapi, lini. Hatumii wino, kwa sababu hupenya.

Mwezi uliopita mwalimu mmoja mstaafu alileta picha ya babu yake. Dereva amesimama mlangoni mwa kichwa cha treni, mkono kiunoni, uso umemezwa na kivuli cha kofia. Glavu aliitambua mara moja. Picha hiyo hiyo iko sebuleni kwao. Ni ya babu yake mwenyewe, aliyefariki kabla baba yake Glavu hajazaliwa, na mzee huyo hana sura nyingine ya kumkumbukia baba.

Hajakaa sawa, fundi viatu akaleta ya tatu.

"Babu mzaa mama," alisema kwa fahari. "Tazama pua."

"Pua gani? Iko kivulini."

"Ndiyo hiyo hiyo!"

Glavu aliwauliza wastaafu wa reli. Mmoja alisema mpiga picha wa stesheni alimuuzia nakala yeyote mwenye hela. Mwingine aliapa kwamba madereva wote waligawiwa picha moja, iwe yao au isiwe yao. Maelezo yote mawili yaliingia akilini, na hakuna lililotaja jina. Huku maonyesho ya picha za reli yakikaribia, mkuu wake alitaka jina moja chini ya picha.

Mwishowe alimleta baba yake ofisini pamoja na picha ya nyumbani, wakaitoa kwenye fremu. Zikalala tatu mezani: kipimo kimoja, zimefifia sawia, nyuma muhuri ule ule wa studio.

"Hawa wawili wameiba picha yetu," mzee alisema.

"Na wao watasema hivyo hivyo, baba."

"Kwani wewe uko upande gani?"

"Sijui."

"Hujui! Tangu mtoto unamwamkia huyu."

"Si ulinifundisha wewe?"

"Na mimi nilifundishwa na mama." Mzee alizikusanya zote tatu, akawa anazipitisha mkononi moja baada ya nyingine, akiitafuta pua.

"Baba, vaa glavu! Na usizichanganye."

Mkono ukasimama. Wakatazamana. Wakazigeuza: nyuma palikuwa na muhuri tu, hapakuwa na jina. Glavu hakuwa ameandika chochote, kwa sababu hakujua aandike nani.

"Yetu ni ipi?" mzee aliuliza kwa sauti ndogo.

Glavu alizisogeza chini ya taa, akazirudisha. Mzee alichukua moja, akaiweka kifuani.

"Baba, una uhakika ndiyo hiyo?"

"Na wewe una uhakika na nini?" Akaondoka nayo.

Mkuu alipopita jioni alimkuta na penseli mkononi.

"Umepata jina?"

"Bado, mkuu. Na sasa sijui hata hizi mbili ni za nani."