Mchezo wa Kugonga Dawati

Juzi gurudumu la lori lilipasuka pale mtaani Gurei, na msichana mmoja akajitupa chini ya meza ya mama muuza chai. Watu wakacheka. Mimi nilimkumbuka Keji.

Keji alikaa nami dawati moja shuleni Malakia, wakati wa vita. Alinukia moshi wa kuni na sabuni ya kufulia. Darasa zima lilijua kwamba ukigonga dawati ghafla, Keji huingia chini yake. Tukaufanya mchezo. Nilidhani naye anacheza. Nani angeogopa mbao?

Mchana mmoja wa joto, mwalimu alipotoka, nikagonga mimi, kwa viganja vyote viwili. Wenzangu wakapokea mpaka mabati ya paa yakatetemeka. Keji akaingia chini, na safari hii hakutoka. Nilipoinama kumvuta, nikaona amejikojolea. Mikono yake ilikumbatia hewa kifuani, kama mtu aliyebeba mtoto.

"Keji, toka. Tunacheza tu," nikamwambia.

"Nyamaza," akanong'ona. "Wani atalia, watatusikia."

Wani, nilikuja kujua baadaye, alikuwa mdogo wake, aliyekufa walipokuwa wakikimbia risasi kijijini kwao. Nami, kwa akili yangu ya kitoto, nikaangaza macho nikimtafuta Wani.

Leo najua Keji alikuwa amerudi wapi. Siku ile sikujua lolote. Niliingia tu chini, nikaketi naye kwenye ule unyevu, nikanyamaza kama alivyoniomba. Juu yetu wenzangu waliendelea kugonga.